Kilo mbili za dagaa mbele ya Kidato cha Tatu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: wageni wanaoalikwa kuzungumza shuleni, maonyesho na siku za sanaa vinamjenga mwanafunzi wa sekondari, au vinamla muda wa kujiandaa na mtihani? Najibu kama mzazi, na kama mmoja wa hao wageni. Nauza dagaa mwaloni Kirumba, soko la samaki kando ya Ziwa Victoria hapa Mwanza, mwaka wa 19 sasa. Shule niliishia darasa la saba.

Mwaka jana mwalimu wa Baiolojia wa binti yangu alinifuata kwenye meza yangu akasema, "Mama, nakuomba uje uwaeleze wanafunzi wangu habari za dagaa." Nikamwambia, mwalimu, mimi Kiingereza sina. Akanijibu kwamba ndiyo maana amekuja kwangu. Tukapanga Ijumaa saa nane mchana.

Nilibeba kilo mbili za dagaa wabichi kwenye barafu, waliotoka Ukerewe alfajiri ile, na mafungu mawili ya wakavu: moja lilikaushiwa kwenye chanja, jingine mchangani. Hotuba sikuandaa. Nilitandaza gazeti mezani, nikamwaga, nikawaambia: sogeeni, shikeni, tafuneni. Dagaa wa chanja anang'aa kama sindano mpya, na ukimvunja unamsikia. Wa mchangani amefifia, na ukimtafuna meno yanasaga chengachenga. Huyo wengi wanamnunua kwa chakula cha kuku. Ni samaki yule yule, wa usiku ule ule, ila bei zao hazikaribiani. Kilichowatenganisha ni pale walipoanikwa.

Basi maswali yakafunguka. Kwa nini dagaa anafuata taa za wavuvi? Kwa nini mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi mingi inabaki nchi kavu? Niliwaeleza ninavyojua kutoka kwa wavuvi: kipindi cha giza taa ndiyo mwanga pekee juu ya maji, vidudu vinakusanyika pale, na dagaa anakwenda kilipo chakula chake. Mwezi ukiwaka ziwa zima lina mwanga, taa inakosa nguvu. Mwalimu akashika chaki akaandika jina la vile vidudu, zuplanktoni, na wote wakanakili bila kuambiwa.

Kijana mmoja aliyekaa nyuma kabisa akauliza: furu, wale samaki wadogo wa ziwani, walikwenda wapi, maana bibi yake hamalizi siku bila kuwataja? Swali lile lilinigusa, kwa sababu na mimi nimelelewa kwa furu. Mama alikuwa akiwachoma akatugawia na ugali. Mwalimu alisimulia jinsi sangara alivyopandikizwa ziwani miaka ya 1950, na jinsi alivyozaliana hadi miaka ya 1980 furu wakapukutika, aina nyingi hazikuonekana tena. Dagaa alibaki. Mimi nilikuwa nimeyaishi hayo bila kujua mpangilio wake, na siku ile mwanafunzi nilikuwa mimi.

Tulipotoka mwalimu aliniambia yule kijana hakuwahi kunyoosha mkono tangu Kidato cha Kwanza. Neno hilo limekaa nami mpaka leo. Watoto wetu wanasoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka saba, kisha wakivuka tu kuingia sekondari masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Mtoto ana swali moyoni, na wakati anahangaika kulitafutia maneno, kengele imelia. Watu wanadhani ni mzito. Kumbe mpeni saa moja ya lugha yake na kitu cha kushika mkononi, muone.

Wale dagaa wabichi hawakurudi nyumbani. Wanafunzi walitengeneza chanja ya wavu nyuma ya maabara, na wale wa bweni wakazigawana zamu za kuwageuza na kuwafukuza kunguru. Jumatatu wakapima: kati ya kilo mbili ilibaki nusu kilo na kidogo. Binti mmoja alikuja mwaloni na daftari lake, amepiga hesabu ya maji yaliyotoka, anataka kujua kama nikinunua wabichi naiweka hasara hiyo kwenye bei. Naiweka, lakini kwa kukadiria. Hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko yangu, na sasa naitumia.

Nimeona pia kipindi cha aina nyingine. Shule anayosoma mtoto wa kaka yangu ilialika mgeni mkubwa. Alichelewa saa mbili, watoto wamesimama juani. Akazungumza Kiingereza kitupu, habari za maisha yake, na walimu wakipiga makofi watoto nao wanapiga. Nilimuuliza mpwa wangu ameondoka na nini. Akasema mgeni ana gari zuri. Kipindi kama hicho kweli kinaiba muda, na mwalimu wa taaluma anayekikataa namuunga mkono.

Kuhusu mtihani, ushauri wangu ni mfupi: Kidato cha Nne waacheni na Novemba yao, Kidato cha Pili nao wana mtihani wa taifa. Kidato cha Kwanza na cha Tatu wana nafasi ya kupumua. Waalikieni wageni hao.

Na maonyesho yasiwe ya kupambia ukuta siku ya mahafali tu. Mei iliyopita wanafunzi wa Historia katika shule ya binti yangu walichora kwa penseli kuzama kwa MV Bukoba, 21 Mei 1996, msiba ambao wao hawakuwa wamezaliwa ulipotokea. Walitualika watu wa mwaloni. Jirani yangu wa meza alisimama mbele ya picha ya meli iliyopinduka, tumbo juu, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akamwita kijana aliyeichora, akaanza kumsimulia alivyokuwa bandarini asubuhi ile akimsubiri dada yake, nani alisimama wapi, nani alipiga kelele kwanza. Kijana alimsikiliza mpaka mwisho. Akaitoa picha ukutani, akaketi sakafuni, akaanza kuchora watu wa bandarini, huku yule mama ameinama begani kwake akimwonyesha kwa kidole.