Swichi ya vioo ya mtumba: usitume hela bado

SWALI: Salaam, mafundi. Natumia Corolla 110 ya mwaka 1998 hapa Ngamiani, Tanga. Kioo cha dereva kinashuka bila shida, lakini kupanda ni mpaka nibonyeze mara saba, nane. Fundi anasema swichi masta, ile ya mlango wa dereva inayoendesha vioo vyote, imekufa. Nimepata ya mtumba Dar es Salaam, na muuzaji ananihakikishia kuwa "inaingia Corolla zote". Nitume hela?

JIBU: Subiri kwanza. Kioo kikishuka vizuri, ujue fyuzi ni nzima na mota haijaungua. Kinachobaki ni swichi, kioo chenyewe kuwa kizito, au mota kuchoka. Pima hivi: usiku, washa ufunguo bila kuwasha injini, washa taa ya dari, kisha bonyeza kupandisha. Taa ikififia kidogo, umeme unafika kwenye mota. Hapo mshuku mpira wa pembeni uliokauka na kujaa mchanga, au mota iliyochoka, na swichi nyingine haitakusaidia. Taa isipotikisika hata kidogo, swichi ndiyo mbovu.

Ikiwa ni swichi, isafishe kabla ya kununua. Hewa ya chumvi ya Tanga huzigeuza shaba za ndani kuwa za kijani, na huo ukijani haupitishi umeme. Chomoa waya wa hasi wa betri, toa swichi, kisha ifungue ndani ya mfuko mkubwa wa nailoni angavu. Tunasisitiza mfuko kwa sababu vitufe vina springi ndogo, na ikiruka chini ya kiti hutaiona tena. Sugua shaba kwa kifutio cha penseli, au msasa laini kabisa kama ukijani umeshika, kisha futa kwa spiriti na uache ikauke. Shaba ikiwa imeliwa hadi kuna kishimo, hapo nunua.

Na "inaingia Corolla zote" ni lugha ya dukani tu. Mwombe picha ya mgongo wa swichi. Namba za spea za Toyota huandikwa kwa mafungu mawili ya tarakimu tano tano, na fungu la pili huweza kuchanganya herufi. 84820 ya mwanzo inasema tu kwamba hii ni swichi masta ya vioo. Fungu la pili ndilo linaloonyesha ni ya gari lipi, kwa hiyo anayekusomea tano za kwanza hajakwambia kitu. Linganisha na yako, kisha hesabu pini moja moja na uangalie umbo la soketi. Iliyotoka kwenye gari la usukani wa kushoto, kama yale ya Dubai, ilipangwa kwa mlango wa upande wa pili. Plastiki iliyoyeyuka kuzunguka pini nene, au harufu ya kuungua, iache hapohapo. Kagua pia masikio ya skrubu. Mengi huvunjwa wakati wa kung'oa.

Wauzaji wengi hawarudishi spea ya umeme, kwa hiyo masharti ya kurudisha yaandikwe kwenye risiti kabla mzigo haujapanda basi la kuja stendi ya Kange, hapa Tanga. Ukishaifunga, jaribu vioo vyote vinne: kwenye Toyota za umri huo umeme wa vioo vya abiria hupitia masta, na masta mbovu inaweza kuzima mlango ambao swichi yake ni nzima. Kabla ya kulaumu chochote, hakikisha kitufe cha kuzuia vioo vya abiria visifanye kazi hakijabonyezwa.

SWALI: Paneli ya ndani ya mlango imevimba chini na kuachana. Nimeona ya mtumba, rangi ileile ya kijivu. Nichukue?

JIBU: Kijivu kina ndugu wengi. Ipeleke juani kando ya yako, maana chini ya taa ya duka zote hufanana. Hakikisha ni ya mlango uleule, na kwamba gari ilikotoka lilikuwa na vioo vya umeme kama lako. Paneli ya vioo vya mkono ina tundu la mkono wa kuzungushia, na hilo halizibiki vizuri.

Ila paneli haivimbi bure. Maji ya mvua huingia ndani ya mlango kila siku na hutakiwa kutokea kwenye matundu ya chini, huku nailoni iliyogundishwa nyuma ya paneli ikiyazuia yasifike kwenye hadibodi ya paneli. Fundi akishaichana asiirudishe, hadibodi hunywa maji. Zibua matundu, gundisha nailoni mpya pande zote, nunua klipu mpya, ndipo ufunge paneli.