Maswali ya Wasomaji: Hoteli, Mwani na Pomboo wa Zanzibar

SWALI: Ndugu Mhariri, hivi karibuni nilikwenda Paje, Unguja, kwenye harusi ya binamu yangu. Hoteli zimepangana ufuoni, lakini mama mkubwa aliyenipokea bado hununua maji kwa madumu, na pweza, ambaye zamani alikuwa kitoweo cha kila siku, sasa humwona akipita kwenda hotelini. Wenyeji wa Zanzibar wanapata nini katika utalii huu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, fedha zinaingia, tena si haba. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 700,000, ilhali sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi wapatao milioni 1.9 katika visiwa vyote. Serikali iliufungulia utalii milango katika miaka ya 1980, bei ya karafuu ilipoporomoka, na leo sekta hiyo huchangia zaidi ya robo ya pato la Zanzibar. Tatizo liko katika njia zinazopita fedha hizo. Mgeni aliyelipia malazi, chakula na vinywaji kabla ya kupanda ndege hana haja ya kutoka nje ya ukuta wa hoteli, na nyanya anayoikuta mezani mara nyingi imevushwa kutoka Bara, kwa kuwa sehemu kubwa ya mashariki ya Unguja ni mawe ya matumbawe yenye udongo mchache.

Mawe hayohayo yanaeleza habari ya madumu. Maji ya mvua hupenya ndani yake na kuelea juu ya maji ya bahari yaliyo mazito zaidi, na kisima kikivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Hoteli inaweza kuchimba mbali, kuagiza boza au kufunga mtambo wa kuondoa chumvi. Mama yako mkubwa hana la kufanya ila kusubiri bomba au kununua.

Kuhusu pweza, mvuvi hana kosa kumpelekea anayelipa zaidi, na mwanamke anayekwenda mwambani na mchokoo wake wa kumtolea pweza shimoni wakati wa bamvua, bahari inapokupwa sana, hufurahia bei hiyo. Anayeumia ni jirani asiyevua na asiyeajiriwa hotelini, ambaye lazima anunue samaki kwa bei iliyopandishwa na wageni.

Ungekaa Paje siku mbili zaidi, ningekushauri ushuke pwani maji yanapokupwa. Ungewaona wanawake wameinama katika maji ya magotini, wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vigingi, kazi iliyoanza kushika katika vijiji hivyo mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambayo iliwapa wengi wao fedha ya kwanza isiyopitia mkononi mwa mume. Maji yakijaa, eneo hilohilo hugeuka uwanja wa wageni wanaoteleza juu ya ubao huku wakivutwa na tiara kubwa, kwa kuwa upepo wa kusi na kaskazi hauwanyimi nafasi. Kamba za mwani huwanasa wao, nao huzikata kamba. Wapo wenye hoteli wanaoyaona mashamba hayo kama uchafu unaoharibu mandhari, na hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye dhuluma hasa, kwani mkulima alitangulia kufika. Nao utalii haubebi lawama yote: joto la bahari limeidhoofisha aina ya mwani yenye bei nzuri. Baadhi ya wanawake wameanza kutengeneza sabuni ya mwani na kuwauzia watalii walewale, biashara ambayo angalau huacha fedha kijijini.

SWALI: Je, ni vibaya kwenda Kizimkazi kuogelea na pomboo? Watoto wangu wananisumbua. (Mama wa watoto watatu, Dar es Salaam)

JIBU: Bibi, kwanza ujue kwamba zamani wavuvi wa Kizimkazi waliwaua pomboo ili wapate chambo cha papa. Safari za watalii zilipoanza katika miaka ya 1990, pomboo aliye hai akawa na thamani kuliko chambo, na hilo ni jema ambalo wakosoaji husahau kulitaja. Baadaye mashua zikazidi. Watafiti wamebaini kwamba pomboo wanapozingirwa na mashua na waogeleaji hupunguza muda wa kupumzika. Wapeleke watoto, lakini patana na nahodha kabla ya kuondoka kwamba atazima injini mbali, hatalikata kundi njia, na kwamba hakuna atakayeruka majini juu yao. Akikuambia kwamba bila kuwafukuza hutawaona, tafuta mwingine.

SWALI: Kwa nini vijana wanaowafuata wageni Mji Mkongwe huitwa papasi? (Mwanafunzi, Mombasa)

JIBU: Papasi ni mdudu wa jamii ya kupe, ambaye hujificha katika nyufa za nyumba na kumnyonya mtu usiku. Vijana hao hupewa jina hilo kwa kuwa humganda mgeni. Jina ni kali, na wengi wao ni vijana waliokosa ajira katika hoteli tulizozitaja hapo juu. Mwongozaji halali hubeba kitambulisho cha serikali. Mwombe akuonyeshe kabla hamjapatana bei.