Printa Imegoma, Faili Halionekani: Majibu kwa Wenye Kompyuta Mpya Nyumbani

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu walionunua kompyuta yao ya kwanza, na karibu zote zinahusu printa au mafaili. Maneno ya Kiingereza yaliyo ndani ya alama za kunukuu ni yale utakayoyaona kwenye skrini ya Windows 10 au 11. Tumeyaacha yalivyo ili usipate tabu kuyatafuta.

Nilituma mtihani wa kurasa 40, printa ikatoa mbili ikanyamaza. Sasa kompyuta inaandika "Offline". Nikiifuta kazi inaandika "Deleting" lakini haiondoki. Hata nikizima kompyuta na kuiwasha naikuta palepale. Fundi wa mtaani anataka kuichukua printa akaifungue. Nimpe? — Mwalimu, Korogwe

Usimpe kwanza, Mwalimu. Kabla ya kufungua skrubu hata moja, jua kosa liko upande gani. Kama printa yako ina skana juu, chomoa waya wa USB, weka karatasi yenye maandishi kwenye kioo, kisha bonyeza kitufe cha kutoa kopi. Ikitoa kopi safi, printa ni nzima: wino unatoka, karatasi inavutwa, na tatizo liko kwenye waya au kwenye kompyuta. Ikishindwa hata kopi, hapo fundi ana kazi.

Kwa maelezo yako tunashuku foleni. Unapotuma kazi, Windows haiipeleki moja kwa moja. Huiandika kwanza kwenye diski kama faili la muda, halafu huduma iitwayo Print Spooler huisukuma kidogokidogo kwenda kwenye printa. Mawasiliano yakikatika katikati, labda waya umelegea au umeme umeyumba, huduma hiyo hubaki ikisubiri jibu, na amri yako ya kufuta nayo inapanga foleni nyuma yake. Ukizima kompyuta, faili la muda linabaki kwenye diski. Ndiyo maana ukiiwasha unakuta kazi ileile inakungoja.

Dawa yake ni hii. Zima printa. Kwenye kibodi shika kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, andika services.msc, bonyeza Enter. Katika orodha itakayofunguka tafuta "Print Spooler", bofya kulia, chagua "Stop". Usifunge dirisha hilo. Bonyeza tena Windows na R, safari hii andika %systemroot%\System32\spool\PRINTERS na ukubali Windows ikikuomba ruhusa. Humo utakuta mafaili yanayoishia na SPL na SHD. Futa yote, ila folda yenyewe iache. Rudi kwenye dirisha la kwanza, bofya kulia "Print Spooler", chagua "Start". Washa printa. Foleni itakuwa tupu, na huna haja ya kuanza mtihani upya: kwenye kisanduku cha "Pages" andika 3-40.

Ikiendelea kusema "Offline", angalia kama ulihamisha waya kutoka tundu moja la USB kwenda jingine. Windows inaweza kuiona printa ileile kuwa mpya na kuiandikisha mara ya pili yenye "Copy 1" mwishoni mwa jina, huku wewe ukiendelea kutuma kazi kwa lile jina la zamani lisilo na mtu. Ingia "Settings", kisha "Bluetooth & devices", kisha "Printers & scanners"; kwenye Windows 10 hatua ya pili inaitwa "Devices" tu. Zima "Let Windows manage my default printer", halafu ifungue ile printa inayofanya kazi na uifanye "Set as default".

Printa yangu ni ya tangi la wino. Imekaa miezi miwili bila kazi, sasa inatoa mistari myeupe na bluu haitoki kabisa, ilhali tangi limejaa. Nimesafisha kichwa mara tisa. Huwa naizima ukutani kuokoa stima. — Mama wa watoto watatu, Mombasa

Mama, pumzisha hiyo printa. Kila ukisafisha kichwa, printa inafyonza wino kupitia vitundu vyake na kuumwaga kwenye sponji iliyo ndani, chini. Mara tisa mfululizo ni wino mwingi umepotea, na sponji hiyo ikijaa printa itagoma yenyewe na kudai huduma.

Watengenezaji wa Epson za tangi wanaelekeza hivi: safisha, printi ukurasa wa kukagua vitundu, rudia hadi mara tatu. Isipokaa sawa, iache bila kuprinti angalau saa 12. Muda huo unasaidia wino ulioganda kulainika na viputo vya hewa kutulia. Kesho yake kagua tena. Vyote viwili viko kwenye kompyuta: bofya kulia jina la printa, "Printing preferences", ukurasa wa "Maintenance", halafu "Nozzle Check" na "Head Cleaning". Ukurasa wa kukagua una mistari midogo ya kila rangi; tazama bluu tu. Ikiwa mistari iliyokatika imepungua kuliko jana, uko njiani kupona, endelea taratibu. Ikiwa bado hakuna hata mmoja, ndipo unaweza kutumia "Power Cleaning" kama modeli yako inayo, mara moja tu, na kila tangi liwe na wino angalau theluthi moja. Likiwa chini ya hapo utavuta hewa ndani ya mirija, na tatizo litakuwa kubwa zaidi.

Sasa hilo la ukutani. Ukiizima kwa kitufe chake, utasikia kichwa kikitembea hadi pembeni kwenye maegesho yake, ambako kuna kifuniko cha mpira kinachoziba vitundu visikauke. Ukikata stima ghafla kinaweza kubaki popote kilipokuwa, wazi. Zima kwa kitufe, ngoja taa izimike, ndipo uguse swichi ya ukutani. Na kila wiki printi ukurasa mmoja wenye rangi zote, hata kama ni mchoro wa mtoto.

Nikiprinti kwa leza, UPS (kiboksi chenye betri ya kushikilia umeme ukikatika) inapiga kelele na kila kitu kinazimika. UPS ni mbovu? — Mwenye duka, Mbeya

Si mbovu, umeibebesha mzigo usio wake. Printa ya leza ina rola la kuyeyushia tona, yaani wino wa unga, kwenye karatasi, na rola hilo likipashwa joto linavuta umeme wa mamia ya wati kwa mkupuo. UPS ndogo ya mezani haiwezi. Chomeka leza kwenye soketi ya ukutani kupitia kifaa cha kulinda umeme, UPS ibaki na kompyuta na skrini. Kwa mwenye sola au inveta ndogo, printa ya wino ndiyo chaguo letu bila kusita: inapoprinti hutumia umeme kidogo sana.

Nilipeleka flashi stesheneri kuprinti barua. Niliporudi nyumbani folda zangu zote zimegeuka "Shortcut" za ukubwa wa KB 1 au 2. Nikizibofya zinafunguka, lakini nikinakili kwenda kompyuta nyingine hazifanyi kazi. Je, kazi zangu zimekwisha? — Mwanafunzi wa chuo, Morogoro

Kazi zako karibu hakika zipo. Kirusi cha aina hii hakifuti kitu. Kinazificha folda halisi kwa kuzipa alama ya mafaili ya mfumo, kisha kinaweka njia za mkato (hizo "Shortcut") zenye majina yaleyale. Ukibofya, kirusi kinaamka kwanza, halafu kinakufungulia folda yako ya kweli, hivyo hushtuki. Kwa kuwa umeshazibofya nyumbani, chukulia kuwa kompyuta yako nayo imeambukizwa.

Kwa hiyo anza na kompyuta. Chomoa flashi. Fungua "Windows Security", "Virus & threat protection", "Scan options", chagua "Microsoft Defender Offline scan". Hifadhi kazi zako kwanza, maana kompyuta itajizima na kuwaka upya. Ukaguzi huu huchukua kama dakika 15 na hufanyika kabla Windows haijawaka, kirusi kikiwa bado usingizini.

Ndipo uchomeke flashi bila kubofya chochote ndani yake. Tazama imepewa herufi gani, tuseme E. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika cmd, Enter, kisha andika mstari huu kama ulivyo, ukibadilisha herufi tu:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri mstari mpya utokee. Folda zako zitarudi kuonekana, wakati mwingine zikiwa ndani ya folda moja isiyo na jina. Itajitokeza pia "System Volume Information". Hiyo ni ya Windows, iache. Nakili nyaraka, picha na video zako tu kwenda kwenye kompyuta. Usibebe njia za mkato wala faili usilolijua linaloishia na vbs, js, wsf au exe. Kisha fomati flashi, yaani ifute yote na kuiandaa upya. Ukiulizwa mfumo wa mafaili ("File system"), FAT32 inasomwa na vifaa vingi vya zamani lakini haipokei faili moja la GB 4 au zaidi, exFAT inapokea.

Siku nyingine tuma PDF kwa barua pepe, au weka flashi moja ya stesheneri isiyo na kitu kingine chochote.

Barua niliyoipanga vizuri nyumbani, ikifunguliwa stesheneri mistari inahama na saini inakwenda ukurasa wa pili. Kwa nini? — Katibu wa kikundi, Dodoma

Sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni fonti, yaani muundo wa herufi: kama kompyuta ya stesheneri haina fonti uliyotumia, Word inaweka nyingine yenye herufi za upana tofauti, na mistari inasogea. Ya pili ni ukubwa wa karatasi, na hii huwaponyoka wengi. Kompyuta iliyopangwa kwa Marekani huanza na karatasi ya Letter, milimita 216 kwa 279. Rimu unayonunua dukani ni A4, milimita 210 kwa 297. Hivyo Letter ni pana kidogo na fupi kwa karibu sentimita mbili, na aliyebadilisha kwenda A4 wakati wa kuprinti amekuvurugia mpangilio wote. Baadhi ya leza ndogo zikiletewa Letter husimama na kuwashawasha taa, zinasubiri karatasi ambayo haitaletwa kamwe, na mwenyewe anadhani zimeharibika.

Kwenye Word fungua "Layout", "Size", chagua A4. Fungua tena "Size", chini kabisa "More Paper Sizes", halafu "Set As Default" ili barua zijazo zianze hivyo. Ukimaliza kuandika, "Save As" na uchague PDF. PDF kwa kawaida hubeba fonti ndani yake, kwa hiyo itafunguka hivyo hivyo popote.

Nilifungua hati kutoka kwenye barua pepe, nikaihariri saa nzima, nika-save, nikafunga. Sasa nikiifungua tena naona ile ya zamani. — Msomaji, Arusha

Ulihariri nakala. Hati iliyofunguliwa moja kwa moja kutoka kwenye barua pepe, au kutoka ndani ya faili la ZIP (furushi la mafaili yaliyobanwa pamoja), mara nyingi huwekwa kwenye folda ya muda, na "Save" yako inakwenda huko. Ile iliyoambatishwa kwenye barua haibadiliki.

Harakisha, kwa sababu folda za muda husafishwa. Fungua Word, "File", "Open", "Recent". Jina la hati litakuwa juu. Ikifunguka na masahihisho yako yamo, usifanye lolote kabla ya "Save As" kwenda "Documents". Kama haikuhifadhiwa kabisa kwa sababu umeme ulikatika, nenda "File", "Info", "Manage Document", "Recover Unsaved Documents". Word hujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10. Kwenye "File", "Options", "Save" iwekee dakika 3.

Karatasi zinaingia mbili mbili au zinakwama, hasa msimu wa masika. — Msomaji, Unguja

Karatasi zimekunywa unyevu. Rimu ikishafunguliwa, irudishe ndani ya ganda lake, uifunge kwenye mfuko wa nailoni, na kwenye printa uache chache tu za kutumia siku hiyo. Kabla ya kuzipakia zipepete kwa vidole ziachane, kisha zigonge mezani zilingane. Tumia za gramu 80.

Iliyokwama itoe printa ikiwa imezimwa, kwa mikono miwili, polepole, kufuata mwelekeo ambao karatasi husafiri. Ukiivuta kinyume utavunja vidole vidogo vya plastiki vinavyohisi karatasi, na printa itadai imekwama hata ikiwa tupu. Kama leza imetoka kuprinti, ngoja ipoe nusu saa kwanza. Zisipovutwa kabisa, futa rola la mpira la kuvutia karatasi kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kilicholowa maji kidogo, ukilizungusha hadi mpira uache kuteleza chini ya kidole. Likauke ndipo upakie karatasi.