Kipimo cha imani kiko baada ya Kipaimara

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: parokia itajuaje kama imani ya waamini wake inakua, na ifanye nini ikigundua kwamba imedumaa? Nitakaa zaidi kwenye nusu ya kwanza, kwa sababu tukikosea katika kupima, hata malezi yatakayofuata yatakwenda kombo.

Takwimu tunazo, tena za kutosha. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, uliagiza vitabu vya ubatizo na ndoa katika karne ya 16, na hadi leo kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inamtaka paroko ahakikishe vinaandikwa na kutunzwa ipasavyo. Kutokana na vitabu hivyo jimbo hupata idadi ya waliobatizwa, waliopata Kipaimara (sakramenti ya kuimarishwa kwa Roho Mtakatifu) na waliofunga ndoa. Kazi hiyo ni ya lazima na siidharau hata kidogo, lakini inatuambia ni wangapi waliopokea sakramenti tu, na mara nyingi tunasoma hesabu hizo kana kwamba zinatuambia pia sakramenti imezaa nini ndani yao.

Yeyote aliyewahi kuhudhuria mtihani wa Kipaimara ameona jambo ninalolisema. Mtoto anasimama, anaulizwa vipaji saba vya Roho Mtakatifu, naye anavitaja kwa vidole bila kukosea: hekima, akili, shauri, nguvu, elimu, ibada na uchaji wa Mungu. Anapata alama zote. Kisha padre anamwuliza kwa upole ni kipaji kipi kati ya hivyo amewahi kumwomba Mungu, na kwa nini. Mtoto anatazama sakafu, anamtazama katekista wake, yaani mwalimu wake wa dini, halafu anaanza kuvihesabu upya kuanzia hekima. Hana kosa, amejibu swali pekee aliloandaliwa kulijibu. Wala sisemi kukariri hakufai, maana sala na Kanuni ya Imani zilizokaririwa utotoni zimewafaa wengi katika saa ambazo hawakuwa na maneno yao wenyewe. Ninachosema ni kwamba mtihani ule unapima kumbukumbu, wakati kanuni ya 889 inadai pamoja na mafundisho kwamba mhusika awe na moyo ulioandaliwa na aweze kurudia ahadi zake za ubatizo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya utume wa kimisionari, ulisema wazi kwamba ukatekumeni, yaani maandalizi ya wanaoelekea ubatizo, hauishii katika kueleza mafundisho na amri, kwa kuwa ni kipindi cha kuundwa katika maisha yote ya Kikristo.

Wapo wanaopendekeza tuache mitihani tuwape waamini madodoso: unasali mara ngapi, unahisi Mungu yu karibu nawe kwa kiasi gani? Hapo nina wasiwasi mkubwa zaidi. Barua za Mtakatifu Teresa wa Kalkuta zilizochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba kwa miongo mingi alisali katika giza, bila kuonja uwepo wa Mungu, na bado aliendelea kuamka alfajiri kuabudu na kuwahudumia waliokuwa wakifa. Dodoso la hisia lingemweka kwenye kundi la waliopoa. Mtaalamu wa Marekani James Fowler, ambaye mwaka 1981 alieleza hatua 6 za ukuaji wa imani, anatusaidia kukumbuka kwamba imani ya mtoto wa miaka 10 na ile ya mtu mzima aliyezika wazazi wake haziwezi kufanana, na kwamba maswali ya kijana huenda yakawa dalili ya kukua. Lakini hatua hizo zikigeuzwa kuwa ngazi ya kuwapanga waamini, huyu wa pili na yule wa nne, tutakuwa tumeingilia mahali ambapo Mungu peke yake huona.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba imani ya mtu mmojammoja haipimiki kwa vyombo vyetu, ila malezi ambayo jumuiya inampa yanapimika, tena bila ugumu mkubwa. Matendo ya Mitume 2:42 inataja mambo manne ambayo Wakristo wa kwanza walidumu ndani yake: fundisho la mitume, ushirika, kuumega mkate na kusali. Katekisimu ya mwaka 1992, kitabu rasmi cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, nayo imejengwa juu ya nguzo nne, yaani imani, sakramenti, maisha na sala. Jumuiya ndogondogo ikijiuliza kwa unyofu ni lipi kati ya hayo linapewa muda na lipi linapitwa mbio, itapata majibu kabla mtu yeyote wa nje hajaja kuitathmini. Tazameni mkutano wa kawaida. Injili inasomwa, kimya kinadumu kidogo, mmoja anarudia mstari uliomgusa, wa pili anasema mwenzake ameshasema yote, na mwenyekiti, huku daftari la michango likiwa limeshafunguliwa, anauliza kama kuna mwingine. Hakuna mwingine. Muda wote uliobaki ni wa michango na ratiba. Michango ni sehemu ya ushirika na haiepukiki, lakini atakayeangalia saa atajua Neno limepewa nafasi gani.

Kipimo kingine nakichukua kwa Wakristo waliojificha wa Japani. Baada ya dini yao kupigwa marufuku katika karne ya 17, waliishi zaidi ya miaka 200 bila padre. Katika vijiji vyao walikuwapo aliyetunza kalenda ya sikukuu na mifungo, aliyebatiza, na aliyepeleka habari nyumba kwa nyumba. Tarehe 17 Machi 1865 kundi lao lilifika katika kanisa jipya la Nagasaki, likajitambulisha kwa padre Mfaransa Bernard Petitjean na kumwuliza ilipo sanamu ya Bikira Maria. Jumuiya zetu zijiulize hivyohivyo: padre akiondoka leo, nani atafundisha watoto sala, nani anajua kubatiza palipo na hatari ya kifo, nani atajua Kwaresima inaanza lini bila kungoja tangazo? Pale ambapo kila swali linajibiwa kwa jina la katekista yuleyule, imani inabebwa na mtu mmoja, na hilo ni jambo la kushughulikia mapema.

Nikija kwenye malezi, pengo kubwa naliona baada ya Kipaimara. Utaratibu wa kuwaingiza watu wazima katika Ukristo, uliotolewa mwaka 1972, unaweka kipindi baada ya Pasaka ambapo waliobatizwa wanasaidiwa kuyaingia kwa undani zaidi mafumbo waliyoyapokea. Kwa vijana wetu kipindi cha namna hiyo kwa kawaida hakipo: mafundisho yanaisha siku askofu anapoondoka. Msimamizi, ambaye kanuni ya 892 inamtaka ahakikishe aliyeimarishwa anaishi kama shahidi wa kweli wa Kristo, anapiga picha na kurudi nyumbani. Ningependa parokia iwaite vijana na wasimamizi wao tena mwaka mmoja baadaye, wakae wawiliwawili waulizane: una huduma gani sasa, unasali vipi, ni jambo gani la imani linalokusumbua? Pasiwe na alama wala orodha ya waliofaulu. Kitakachoripotiwa kwa paroko kiwe ni wangapi walikuja na ni maswali gani yalijirudia, ili mahubiri na semina zilenge maswali hayo.

Kitubio kisiguswe kabisa katika tathmini hii. Asiulizwe mtu ameungama lini, wala paroko asitumie lolote alilolijua katika maungamo kupanga watu. Kanuni ya 984 inalikataza hilo wazi.

Najua wengi watauliza nani atafanya kazi yote hii. Ni makatekista, na hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliitambua nafasi yao rasmi alipoanzisha huduma ya Katekista tarehe 10 Mei 2021, akisisitiza kwamba waandaliwe vizuri katika Biblia, teolojia, uchungaji na ualimu. Parokia inayoandaa bajeti ya ukarabati wa kanisa kila mwaka bila hata mstari mmoja wa mafunzo ya makatekista inaweza kuanza tathmini yake kwa kuisoma bajeti hiyo katika kikao kijacho cha halmashauri ya walei.