Majipu ya kwapani yanayorudi palepale: acheni kujisugua, nendeni kwa daktari wa ngozi

Mimi ni msusi, saluni yangu iko Kirumba, Mwanza, na msusi mikono yake iko juu kuanzia asubuhi mpaka jioni, kwa hiyo kwapa likiuma hamna namna ya kuficha, mteja anakuona kabisa unavyokunja sura. Langu lilianza nikiwa na miaka 23. Kajipu kadogo kagumu kama punje ya harage, kwapa la kulia, nikasema ni wembe tu huu, kakauma siku nne hivi kakapasuka kakakauka nikasahau. Baada ya wiki tatu kakarudi. Palepale. Alafu kakaja kenzake pembeni, alafu na kwapa la kushoto nalo, ikafika kipindi nikisimama kwenye daladala ya kwenda Igoma nashindwa kushika bomba, bora nianguke.

Sasa nisikilizeni nilivyojiumiza mwenyewe maana najua kuna mdada anasoma hapa anafanya hivyo hivyo. Nilipaka ndimu. Nilipaka shabu. Nilijisugua na dodoki mpaka ngozi inachubuka, naoga mara tatu kwa siku, na hili joto letu la kando ya ziwa nikawa nahisi kila mtu ananinusa. Nikinyoa nanyoa na wembe mpaka chini kabisa. Jipu likiiva nalikamua, na usaha ukitoka nasikia nafuu siku mbili, kumbe kila nikikamua uchafu mwingine unasukumwa ndani chini ya ngozi. Duka la dawa nanunua amoksilini, nakunywa siku mbili tatu maumivu yakipungua naacha. Mwaka mzima na zaidi.

Kuna zahanati moja nilienda, nesi akaniambia mbele ya foleni nzima, "dada mzuri hivi unashindwaje kuoga?" Sikurudi hospitali yoyote kwa muda mrefu baada ya hapo, na hilo neno ndio limenifanya niandike leo, kwa sababu halikuwa kweli.

Mteja wangu mmoja ndio alinisukuma niende kliniki ya ngozi. Daktari akaniambia nivue blauzi, akaangalia kwapa zote mbili, akauliza kama ninayo na kinenani au chini ya matiti (ninayo, sikuwahi kumwambia mtu), akaandika hidradenitisi sapurativa. Jina refu, ila alinielewesha vizuri sana. Kila unywele unatoka kwenye kitundu chake kwenye ngozi, sasa kwa baadhi yetu hivyo vitundu vinaziba, vinavimba, alafu vinapasukia kwa ndani badala ya nje, mwili unakuja juu kupambana na hiyo hali ndio unapata uvimbe, usaha na maumivu. Tezi za jasho la kwapani zinamwagia jasho kwenye vitundu hivyo hivyo ndio maana nazo zinaingia kwenye mkumbo. Zamani madaktari walidhani tezi ndio chanzo, Mfaransa mmoja daktari wa upasuaji anaitwa Verneuil mwaka 1854 ndiye aliyehusisha huu ugonjwa na tezi za jasho, na jina, ambalo maana yake ni uvimbe wa tezi za jasho wenye usaha, likabaki hivyo mpaka leo. Tezi hizo zinaamka ukibalehe, ndio maana mtoto mdogo ni nadra kuupata.

Hauambukizi. Sio uchafu. Sio ugonjwa wa zinaa. Unaweza kutembea kwenye ukoo, na mara nyingi unachachamaa karibu na siku zako za hedhi. Sigara na uzito mkubwa vinauchochea, ila hata mwembamba asiyevuta anaupata, kwa hiyo msianze kunyoosheana vidole.

Utajuaje kama ni wenyewe na sio jipu la kawaida? Jipu la kawaida linakuja, linapona, linaenda zake. Huu unarudi maeneo yaleyale, daktari aliniambia ukipata mara mbili au zaidi ndani ya miezi 6 usikae nyumbani. Utaona pia vidoti vyeusi viwili viwili vimekaa pamoja, na baadae makovu yaliyovutana kama kamba. Ukichelewa zaidi majipu yanaunganishwa na njia za chini kwa chini kama mashimo ya panya, hapo vidonge peke yake mara nyingi havitoshi, inabidi upasuaji. Na sio kila uvimbe wa kwapani ni huu jamani, kuna mtoki kutokana na kidonda cha mkono, kuna TB ya tezi (sio hizi za jasho), na donge gumu lisilouma linaweza kuwa saratani inayotokea kwenye titi, hilo usilisubirishe hata wiki. Ukiwa na homa na wekundu unasambaa, nenda siku hiyo hiyo. Mimi waliniambia nipime na sukari na virusi vya UKIMWI, nikapima, ni jambo la maana.

Dawa nilizopewa ni doksisaiklini ya kunywa miezi 3 na klindamaisini ya kupaka. Nimezimaliza zote, hata wiki nilizokuwa sina maumivu. Doksisaiklini kunywa na maji mengi na usilale hapo hapo, itakuunguza koo, na kama una mimba mwambie daktari kabla maana haifai. Nyumbani nimeacha dodoki, naosha taratibu kwa mkono na sabuni ya kuua vijidudu, nywele napunguza kwa mkasi, nguo ni pamba na zisizobana, sidiria isiyokata kwapa. Likianza kuvimba naweka kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika 10, sikamui hata liwe limeiva vipi. Kazini nimejiwekea kiti kirefu na mteja anakaa chini kwenye kigoda, mikono yangu haipandi sana. Bado yanarudi mara moja moja, dawa ya kuufuta moja kwa moja hamna, ila miezi minne sasa nasuka bila kulia.

Mwezi uliopita nilipanda meli nikaenda Nansio kumsalimia shangazi. Shangazi yangu sijawahi kumuona amevaa nguo ya mikono mifupi, hata joto liwe vipi, sisi tulijua ni heshima tu. Usiku nikamsimulia yangu yote, akanyamaza, akafunga mlango, akainua mkono. Makovu matupu, na sehemu mbili zinavuja. Amekaa nayo tangu kabla sijazaliwa, mumewe wa kwanza alimuacha akisema ananuka. Nimerudi naye Mwanza, wiki ijayo anaonana na daktari wa upasuaji. Hakuniuliza gharama wala kama inauma, aliuliza kitu kimoja tu, na akakirudia tena asubuhi kwenye meli: "Kwa hiyo mwanangu, sio uchafu?"

Nikamwambia sio uchafu shangazi. Haikuwahi kuwa uchafu.