Kabla Hujamwandikia Mkurugenzi: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako nimeusoma, na baba yako nimemsomea. Unauliza kama ni mapema mno kumwomba kazi yule mkurugenzi mliyekutana naye Munyonyo, Kampala, kwenye mkutano wa wauzaji kahawa nje, kwa kuwa sasa amekubali ombi lako la kuungana naye kwenye LinkedIn. Nitafika huko. Kwanza nami nikuulize: wale wanaokuandikia wewe, unawajibu? Namkusudia yule kijana wa Mbale anayetafuta nafasi ya mafunzo ofisini kwenu, ambaye ulinisimulia siku ya Idi kwamba ujumbe wake ulikuwa umekaa tangu mwanzo wa Ramadhani bila neno lolote kutoka kwako.

Msimamo wangu unaujua, na ndugu zako wameshauchoka: jibu siku hiyo hiyo, hata kama jibu lenyewe ni "bado". Watu hudhani uhusiano wa kikazi hujengwa siku ya kuomba, kwa barua nzuri na picha ya suti, lakini mimi niliuona ukijengwa katika siku ambazo hakuna aliyekuwa na la kupata.

Wewe mwaka 2008 ulikuwa bado shule ya msingi pale Tororo, na labda unachokumbuka ni kwamba tulikwenda msibani kwa miguu kwa kukosa mafuta. Kenya walipiga kura tarehe 27 Desemba 2007, matokeo yakatangazwa siku tatu baadaye, ghasia zikazuka, barabara ya kutoka Mombasa ikazibwa mahali pengi, na mwezi Januari reli ikang'olewa Kibera, Nairobi. Kwa kuwa karibu mafuta yetu yote yalipitia Kenya, ghasia za kule zilisimamisha magari hadi Kampala. Mimi, wakala wa forodha pale mpakani Malaba, nilikuwa na makontena njiani, mali ya wafanyabiashara wa Kikuubo, mtaa wa biashara wa Kampala, ambao walikuwa wamekopa benki ili kuagiza bidhaa hizo. Mawakala wenzangu wengi walizima simu, kwa sababu hawakuwa na habari ya kuwapa wateja wao. Mimi kila jioni baada ya swala ya magharibi niliwapigia wangu wote, mmoja mmoja, nikawaambia: lori lako lilionekana Eldoret, halijasogea, kesho nitakupigia tena.

Habari hizo nilizipata wapi? Kwa yule mzee wa Mombasa, wakala mwenzangu, ambaye kwa miaka mingi tulijuana kwa faksi na simu tu, na ambaye nilikuwa nikimsalimu kila Idi bila kumtajia mzigo wala malipo. Baba yako aliona napoteza pesa za simu. Basi mzee huyo ndiye aliyewatafuta madereva wangu na kuniambia nani amelala wapi, na misafara ya malori ilipoanza kusindikizwa na polisi, ndiye aliyeniarifu mapema ili hati zangu ziwe tayari Malaba kabla ya magari kufika. Hadi leo nikikumbuka simu ile moyo unanifurahi kama siku ya kwanza. Mmoja wa wale wateja wa Kikuubo alinilipa kabla hajaliona kontena lake, na akaniletea wateja wengine bila mimi kumwomba.

Lakini katika wale wale niliokuwa nikiwapigia kila jioni alikuwamo mmoja, mkubwa kuliko wote, ambaye mwaka 2014 aliniacha. Sababu ya kuondoka naielewa vizuri: nchi zetu zilianza utaratibu wa himaya moja ya forodha, ushuru wa mizigo ya Uganda ukawa unalipwa mzigo ungali bandarini Mombasa, na sisi wa mpakani tulipungukiwa na kazi. Ilikuwa haki yake kumtafuta wakala mwingine. Kilichoniuma ni kwamba nilizipata habari hizo kwa tanboi, msaidizi wa dereva wa lori, kwenye kibanda cha chai, na nilipomwandikia ili kumtakia heri, hakujibu. Nimejaribu kumtetea: huenda aliona haya, huenda ofisi ilikuwa imeshaingia mikononi mwa wanawe. Kisha naukataa utetezi wangu mwenyewe, kwani mtu aliyepokea simu zangu wakati wa ghasia hangeshindwa kuniandikia maneno manne.

Utaniambia kwamba siku hizi mambo ni tofauti, kwamba kisanduku chako hujaa ujumbe wa watu wanaouza bima na viwanja, na kwamba ukimjibu kila mtu hutafanya kazi. Ni kweli, na hao sikulazimishi. Tena nakubali kwamba zamani barua ilimgharimu mwandishi stempu, na sasa mtu hubonyeza tu. Lakini aliyekuandikia kwa jina lako, akaeleza shida moja inayoeleweka, huyo anastahili jibu siku hiyo hiyo, hata kama jibu ni "bado".

Sasa mkurugenzi. Uliniambia kwamba mlizungumza kuhusu ile kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, inayotaka kahawa ithibitishwe kuwa haikutoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya mwisho wa 2020, na kwamba ulimwahidi maelezo ya jinsi mnavyosajili mashamba ya wakulima. Je, ulimpelekea? Kama hujampelekea, barua yako ya kwanza ni hiyo: mkumbushe mlikutana wapi, mpe ulichomwahidi, mshukuru, uishie hapo. Namba yake ya simu iandike pia kwenye daftari. Januari 2021 serikali iliifunga Facebook, kisha intaneti nzima ikazimwa kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi, na shangazi yako, ambaye wateja wake wote wa vitenge walikuwa humo, hakuwa na namba ya hata mmoja wao.

Kuhusu kuomba kazi kwenyewe, kama ni sasa au baadaye, nina jawabu langu, na nimeshaliandika na kulikata kwenye karatasi hii. Baba yako anasema nikuachie, kwa kuwa wewe ndiye uliyekaa naye meza moja na kumsikia akizungumza, nasi hatumjui. Nimekubali kwa shingo upande. Ijumaa nitakapokupigia usinibane sana, maana nitasema.

Mama yako,
Tororo