Shangazi, mgonjwa ni mume wangu, mbona kikao kinanisema mimi?

Msomaji wa Kimara, Dar es Salaam, kaniandikia kurasa mbili, nafupisha. Ana miaka tisa ya ndoa na watoto wawili, mume ni fundi wa madirisha ya aluminiamu, karakana iko uani hapo hapo nyumbani. Mwaka juzi mume alipata baipola, ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka, akalazwa wiki tatu akarudi na vidonge. Mwaka huu umerudi tena mwezi wa nne, kliniki ikasema safari hii mje na familia, kikao kila baada ya wiki mbili, mume, mke na mama mkwe anayekaa mtaa wa pili. Dada kahudhuria viwili. Kwenye cha pili mume akasema "nyumbani najiona kama mfungwa", mwanasaikolojia akamgeuzia dada maswali "kama mshitakiwa", mama mkwe hakumtetea, "alikaa tu anamenya machungwa". Dada kasusa. Anauliza: mimi nina akili zangu timamu, kwa nini nikasemwe? Nimwambie achague, vikao au mimi?

Pole mwanangu. Kulala na mtu ambaye hujui kesho ataamka yupi ni mzigo, na anayesema ni mwepesi hajawahi kuubeba. Pole yangu imeishia hapo, sasa tuongee.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilikuhurumia, ya pili nikaanza kukuna kichwa, ya tatu nikachukua kalamu nyekundu nikapiga mstari chini ya sentensi moja uliyoichomeka katikati ya malalamiko ya nauli ya bajaji: "dawa zenyewe nilishampunguzia toka mwezi wa pili maana zilikuwa zinamnenepesha na analala kama gogo". Halafu ukarudi kwenye bajaji kana kwamba umepunguza chumvi kwenye mchuzi!

Hebu tuhesabu pamoja. Mwezi wa pili umepunguza. Mwezi wa nne ugonjwa umerudi. Kikao cha pili mtaalamu kauliza dawa nani anazisimamia, hilo ndo swali la kwanza unaloliita la mshitakiwa, na tangu siku hiyo huonekani. Neno la mfungwa lilikuuma, sikatai, ila kilichokutoa mbio ni lile swali la dawa. Ulijua likifunguliwa tu kila mtu mle ndani atakutazama, na wa kwanza ni yule bi mkubwa wa machungwa.

Na kitu kingine. Umeniandikia kwa kujisifu kabisa kwamba unamjali, "akicheka tu kidogo namuuliza, umemeza dawa?" Siku ya bethidei ya binti yenu alicheza naye muziki sebuleni, wageni wamejaa, ukamuuliza hapo hapo mbele ya majirani na shemeji zako. Mwanaume kacheza na mwanae wimbo mmoja, basi imekuwa dalili! Akinuna dalili, akinunua soda kreti nzima dalili, sasa acheke wapi huyu mtu? Na unamuuliza kama amemeza kidonge ambacho wewe mwenyewe umekikata nusu jikoni kwa kisu cha vitunguu. Kwa kweli mi hapo nilifunga barua nikaenda kunywa chai.

Ngoja nikupe kisa ambacho si cha vijiweni. Huko Uingereza kwenye miaka ya 1950 kulikuwa na mtafiti anaitwa George Brown, akawafuatilia wanaume wenye skizofrenia, ugonjwa mwingine wa akili unaomfanya mtu asikie na aamini visivyokuwepo, waliotoka hospitali London. Ungedhani anayerudi kwa mkewe au kwa mama yake ndo atapona vizuri, kuna uji, kuna mtu wa kumfulia. Wapi! Waliokwenda kupanga chumba kwa watu baki walikaa vizuri kuliko waliorudi kwa mke au kwa mzazi. Mtu baki hamfuati nyuma nyuma, hamkosoi kila anapoinua kikombe. Brown na wenzake wakaendelea kuchimba, mwaka 1972 wakatoa majibu: kwenye nyumba zenye lawama, chuki au kumganda mgonjwa kupita kiasi, 58 kati ya kila 100 waliugua tena ndani ya miezi tisa, kwenye nyumba tulivu 16. Na kukaa uso kwa uso na ndugu wa hivyo zaidi ya saa 35 kwa wiki kuliongeza hatari. Wewe karakana iko uani, saa 35 unazimaliza Jumatano. Baadaye wengine wakaona mambo ya namna hiyo hiyo kwa watu wa baipola pia. Hakuna aliyesema mke ndo kaleta ugonjwa, usije ukanijibu hivyo, ugonjwa una njia zake, ila nyumba inaweza kuupoza au kuuchochea.

Ndo maana mkaitwa wote. Huko Marekani mtaalamu David Miklowitz aliandaa vikao vya familia kwa ajili ya baipola, ni vikao 21 kwa muda wa miezi tisa, na havikuwekwa kwa ajili ya kutafuta mchawi. Kwanza mnafundishwa ugonjwa wenyewe, mnaandika dalili zake za mwanzo, za huyu mtu wenu si za kila mtu, na nani atafanya nini zikianza. Baadae mnajifunza kuongea na kusikilizana, halafu kutatua shida za nyumbani moja moja. Wewe umekaa viwili umeshatoa hukumu, hata daftari mliloambiwa mlete umesema "nililisahau". Sawa.

Sasa mama mkwe. Unataka nimseme, sitamsema. Mama anapanda bajaji kwa hela yake anakuja kukaa kwenye kiti cha plastiki saa nzima kwa ajili ya mwanae, wewe umeona machungwa tu. Mwishoni umeandika mwenyewe kwamba alimpa kila mtu nusu, na wewe alikupa, ukakataa! Huyo ndo aliyefanya kazi kuliko wote siku ile, alikaa na mwanae bila kumuuliza chochote. Kukutetea akutetee kwa lipi, wakati dawa kazipunguza nani?

Tatizo mabinti wa siku hizi mnaandaliwa kwa mambo ya juu juu tu ya ndoa. Kitchen party mnapewa masufuria, blenda na vitenge, kungwi anawafundisha mambo ya chumbani mpaka jasho linawatoka, lakini hakuna anayewaambia mumeo asipolala siku tatu anapiga simu kuagiza vioo vya milioni mbili vya mteja ambaye hayupo, ufanyeje. Ikitokea mnakimbilia kwa jirani, jirani anasema ni mkono wa mtu, mwingine anasema dawa za wazungu zinaua nguvu za kiume, anayejua kidogo anakwambia mtamfungia Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, basi. Na nyie wa kwenye simu ndo balaa, mmejifunza neno "toksiki", kila mtu kwenu toksiki, isipokuwa mwenye simu. Haya nimetoka nje ya mada, narudi.

Hiyo habari ya "achague vikao au mimi" uifute kabisa, usimtamkie. Mtu anayejitafutia uzima humwekei panga katikati. Ila kuna jambo haliwezi kusubiri kikao. Mstari wa mwisho wa barua umeandika "na sasa hivi saa nane usiku yupo uani anapaka rangi geti, toka Jumatatu halali". Mwanangu! Umeandika kama unanieleza hali ya hewa. Huo ndo mwanzo wenyewe wa kupanda. Ukishaisoma hii mchukue mwende kliniki leo leo, beba na paketi za vidonge vyote vilivyobaki, mwambie daktari ukweli, nilipunguza mimi, toka mwezi wa pili, nusu. Usirudishe dozi kwa kukisia nyumbani ili kuficha kosa, daktari ndo aseme aanze na kiasi gani. Na kama ni kweli zinamnenepesha na kumlaza, hilo ni lalamiko la haki, lina dawa zake mbadala, lakini linasemwa pale kwenye meza ya daktari, halimalizwi jikoni.

Kikao kinachofuata umesema ni Alhamisi. Nenda, utasemwa kidogo, hutakufa. Daftari liweke kwenye pochi toka usiku. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi maana foleni ya Kimara mnaijua wenyewe, na mama mkwe mpitieni kwake mwende naye, nauli umlipie wewe. Akikupa nusu ya chungwa, kula.